Bodi Mama

Stika iko tumboni, chini, penye vumbi la miaka sita.
Herufi na tarakimu ishirini na tano,
nyingine zimefutwa na joto la mapaja yangu
zamu za usiku, chumba cha wabeba wagonjwa, Hull,
mvua ya barafu ikipiga dirisha.
Hii ni B au ni nane?
Nimelala kifudifudi kwenye zulia, tochi ya simu mkononi,
kama mtu anayetafuta pete.

Haikufa ghafla.
Ilianza kwa kusahau saa. Kila nikiiwasha
ilidhani ni Januari ya mwaka iliotengenezwa.
Mama naye alianza hivyo, kule Soni:
akamwita dada yangu kwa jina la shangazi
aliyekufa kabla hatujazaliwa.

Bwana Thackray, fundi wa Spring Bank,
aliifungua kwa bisibisi nyembamba kama njiti ya kiberiti,
akanusa, kweli alinusa, akasema:
"Bodi mama imeungua. Vingine vyote vizima."

Nikanunua nyingine kwake, kuukuu, pauni tisini,
tupu kama nyumba iliyohamwa.
Nikajiambia: leseni si ninayo?
Niliilipia ndani ya bei ya ile ya kwanza,
kama chumvi ndani ya mchuzi.
Nani anahama akaacha kitanda chake?

Nikapiga simu. Kwanza sauti ya mashine,
ikataka tarakimu fungu kwa fungu,
ikazikataa fungu kwa fungu.
Kisha mtu. Bronagh, alisema.
"Bwana Shekilindi, kompyuta ni ile ile?"

Diski ni ile ile, nikamwambia.
Picha ni zile zile.
Anayeitumia ndiye yule yule, ila mvi.
"Na bodi mama?"
"Mama amekufa."

Hivyo ndivyo Kiingereza changu kilivyotoka.
Nikasikia vidole vyake vikisita juu ya vitufe.
"Pole sana," akasema, taratibu.
Sikumsahihisha.
Ilikuwa kweli, tangu Machi,
na kazini sikuwa nimemwambia mtu.

Halafu akanisomea sheria, na hakuwa na ukali:
leseni iliyokuja na mashine
huzaliwa na mashine, huzikwa na mashine.
Ile inayonunuliwa peke yake ndiyo husafiri.
Yako haihami.
Nikashukuru. Sijui nilishukuru nini.

Mimi nilikuja nchi hii na vitu nilivyowekewa
kabla sijajua kuvikataa.
Nanawa kabla ya kula hata biskuti.
Nabisha hodi kwenye mlango ulio wazi,
wauguzi wanacheka.
Nikisukuma kitanda kuingia lifti
nahesabu kimoyomoyo, kwa Kisambaa, mpaka nane,
alivyonihesabia yeye ngazi za shambani
kichwani kikapu cha maboga.
Machi imepita. Bado vinafanya kazi.
Hakuna aliyepiga simu kuuliza
bodi iko wapi.

Kompyuta nayo inafanya kazi, bila ruhusa.
Ila kona ya chini, kulia, kuna maneno ya kijivu
yasiyofutika, yananikumbusha deni,
na hairuhusu nibadili picha ya nyuma ya kioo.
Nilitaka kuweka ile ya Mama na mapeasi,
jicho moja kalifumba kwa jua.
Imekataa. Weusi tu.

Leseni mpya ni ghali kuliko kompyuta yenyewe.
Mwisho wa mwezi, labda. Kuna bili ya gesi kwanza.

Kwa sasa nimeichapisha maktaba, peni thelathini,
nikaibandika kwa selotepu kwenye kona ile ile,
juu ya yale maneno.
Kioo kikipata moto karatasi hujikunja,
Mama huanza kuinama mbele,
nami huacha ninachoandika,
nikamrudisha kwa kidole gumba.